Mawese Chini ya Feni

Nianze na jambo ambalo nimelikana kwa muda mrefu hadi nikakaribia kuliamini mwenyewe: kompyuta ya kwanza niliyoiunda kwa mikono yangu haikuwa ya kuandikia barua za hospitali. Ilikuwa ya kuchezea mpira. Hadithi ya hospitali nimewapa wateja, majirani, mume wangu kabla ya ndoa na baada ya ndoa, na ninyi vijana wa karakana. Siku mliponiaga, mmoja wenu aliitia hata kwenye hotuba, akasema nilianza kazi kwa kuwahudumia wagonjwa. Watu walipiga makofi. Mimi niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu na kuongeza kipande kingine cha keki.

Sasa nimestaafu. Macho yangu hayaioni tena skrubu ndogo mpaka iwe imeshaanguka chini, na nadhani mnastahili kujua mlirithi karakana yenye asili gani. Uongo huo una mwenyewe, nami nitamtaja zamu yake ikifika.

Nilisoma hisabati chuo kikuu, Bujumbura, katika miaka ambayo mtu alikwenda kwenye mtihani bila kujua kama mwalimu atafika, wala kama yeye mwenyewe atarudi nyumbani kwa njia ileile. Chuoni palikuwa na chumba cha kompyuta, nusu yake zikiwa mapambo. Nilipenda kukaa humo kwa sababu kulikuwa na ubaridi, na kwa kuwa nilikuwa ninakaa tu, fundi aliyezitunza alinipa bisibisi. Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya kompyuta. Shahada nilipewa kwa mambo mengine ambayo sijayatumia hadi leo.

Nilirudi Rumonge na shahada yangu ndani ya bahasha. Mama yangu alikuwa kijijini Minago, akikamua mawese, na ni mawese hayo yaliyonisomesha. Kila akija sokoni aliniuliza kazi iko wapi, nami nikamwambia inakuja. Ili isije ikanikuta nimelala, niliingia kwa Fundi Kassimu.

Fundi Kassimu alikuwa Mswahili wa Rumonge, mzaliwa wa palepale mjini, na alitengeneza redio. Wakati wa vita redio ilikuwa kama chumvi, hakuna nyumba iliyotaka kulala bila hiyo. Watu waliacha kununua viatu lakini redio waliileta ipone, maana ndiyo iliyowaambia barabara gani inapitika. Alikuwa mtu wa maringo, koti limepigwa pasi hata kwenye joto la mchana, na hakuwahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua. Tulielewana mara moja, kwa sababu na mimi nilikuwa hivyohivyo.

Siku ya kwanza alinipa redio iliyojaa mende na brashi ya kupakia rangi. Nilitarajia tutaanza na nadharia. Akaniambia, “Madamu, kwanza watoe wapangaji. Nadharia haiwezi kuingia nyumba ina watu.” Nilisafisha mpaka adhuhuri. Baada ya kusafishwa redio ikaimba yenyewe, bila kubadilishwa chochote, na hilo nimelikumbuka kila mteja anapoleta kompyuta akilia kwamba imekufa. Toeni wapangaji kwanza.

Alinifundisha kuyasugua meno ya shaba kwa kifutio cha penseli mpaka yang'ae. Alinifundisha kutia chuma cha kulehemu kwenye makaa umeme unapokatika, na kunusa ubao kabla ya kuupima, kwa sababu kilichoungua hakifichi harufu. Alikuwa pia na kidude kimoja cha siri, bomba dogo la dawa nyeupe nzito alilolifungia kwenye droo, akalipaka kwa uchoyo mkubwa ndani ya amplifaya za msikiti na za makanisa. Nilipomuuliza ni nini akasema ni dawa ya sisimizi. Sikuuliza tena. Nilikuwa na shahada, na sisimizi hawakuwa somo langu.

Kisha akaja Yakobo. Alikuwa amevuka ziwa kutoka Kivu Kusini na familia yake, Mkristo wa kuimba kwaya, mwenye mwili mkubwa na moyo wa biashara. Karibu na soko alikuwa na chumba cha kuonyeshea filamu, na mlangoni aliweka simu ya kulipia. Simu ilimlisha lakini filamu zilikuwa zimekufa: amri ya kutotoka nje ilianza mapema, na filamu mchana, jua likiingia kila tundu la bati, haina watazamaji. Alikuwa ameona Bujumbura kompyuta inayocheza mpira, watu wawili kwenye kibodi moja, wengine wakisubiri zamu nyuma yao. Mchana kweupe.

“Dada Espe,” akaniambia, “unaweza kunitengenezea kitu sawa ile?”

Kabla sijafungua mdomo Fundi Kassimu akajibu, “Tunaweza.” Alikuwa hajawahi kugusa kompyuta.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ninyi huchagua vipuri kwa simu, mkilinganisha picha na picha. Sisi tulilinganisha kwa mikono na pua. Yakobo alianza pale ambapo kila mteja wa michezo huanza mpaka leo: alitaka boksi kubwa lenye taa. Nilimwambia taa hazichezi mpira. Akasema wateja wataziona kabla ya mpira. Tulibishana siku mbili, na tukakubaliana kwamba boksi litakuwa la chuma cha kijivu, lisilo na taa, lakini yeye ana haki ya kulipaka rangi. Alilipaka kijani kibichi. Lilifanana na birika la jeshi.

Mimi nilianza na kile kisanduku cha umeme kinachokaa nyuma, tulichokiita alimantasyo. Chumba cha Yakobo kilipata umeme kutoka kwenye jenereta ya kinu cha mawese cha jirani. Kinu kikiwa tupu, balbu zilikuwa nyeupe kama meno. Shehena ya ngazi, yale matunda ya mchikichi, ikiingia, zilikuwa za manjano kama ngazi zenyewe. Mashine ya umeme wa namna hiyo haihitaji kwanza mbio, inahitaji kwanza tumbo gumu. Kwa hiyo, Yakobo aliponituma Bujumbura na pesa za vipuri, huko dukani nilikataa kuona kingine chochote mpaka nimepima alimantasyo zote kwa kiganja. Iliyo nyepesi ni ya uongo, hata iandikwe nini ubavuni. Ndani yake kuna shaba kidogo na upepo mwingi. Muuzaji alidhani nanunua maboga. Nilichukua nzito kuliko zote, na kabla ya kulipa nikaangalia kile kiswichi chekundu cha nyuma kama kimeelekezwa kwenye umeme wetu. Hakikuwa. Mpaka leo sijui ni wateja wangapi walioondoka hapo wakaenda kuwasha fataki.

Ubao mkuu niliuchagua kwa kutazama vile vipipa vidogo vinavyosimama karibu na prosesa. Kikivimba kichwa, uache. Prosesa niliyoipata ilikuwa ya mkono wa pili, yenye nguvu lakini ya moto. Pesa zilizobaki zingetosha kuongeza kumbukumbu au kununua kadi ya picha, si vyote. Nilichagua kadi, iliyotoka kwenye ofisi ya shirika moja la misaada lililofunga virago. Mpira ni picha. Mchezaji anaweza kuvumilia kusubiri mechi ifunguke, lakini hatavumilia kipa anayeruka vipandevipande. Kadi ile ilikuwa na feni yake ndogo iliyokuwa ikinguruma kama mbu mwenye mafua. Niliipenda papo hapo.

Nilirudi na basi dogo kwenye msafara, wanajeshi mbele na nyuma, vipuri nimevizungushia kitenge mapajani. Kwenye kizuizi cha Kabezi walitusimamisha. Askari mmoja alifungua kitenge, akaona waya za rangi zote zikitoka kwenye kisanduku cha chuma, na watu wa viti vya jirani wakahama bila kuambiwa. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia kompyuta. Akaniuliza ya kazi gani. Nikamtazama na yeye akanitazama, na nikaona kwamba uongo wowote ungesikika kama uongo.

“Ya kuchezea mpira,” nikasema.

Akafunga kitenge, akafunga na fundo, vizuri kuliko nilivyolifunga mimi. “Na mutu anaweza kuchagua timu?”

Nikamwambia anaweza. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za nchi ya mbali, akaturuhusu. Ni mtu pekee katika maisha yangu ya kazi niliyemwambia ukweli wa mashine ile mara ya kwanza aliponiuliza.

Wakati naunganisha vipuri, Kaka Deo alileta habari. Huyu ndiye kaka yangu mkubwa, mtumishi wa serikali Bujumbura, mtu wa tai hata Jumapili. Alikuwa amenitafutia nafasi ya kufundisha hisabati kwenye shule ya mabweni, yenye chumba, kitanda na ukuta mrefu. Angepiga simu Jumamosi kwenye simu ya Yakobo ili apate jibu, na nafasi haingesubiri zaidi ya hapo. Mama alifurahi hadi akaniletea ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mimi nilifurahi kama mtu aliyeandaliwa jeneza zuri. Sikuwa na ubaya na ualimu. Ni kwamba nilikwisha kuisikia redio iliyokufa ikiimba kwa mkono wangu, na tangu hapo ubao wa chaki ulionekana kimya mno.

Nilimweleza Mama kwamba nina kazi tayari, natengeneza mashine. Mashine gani, sikufafanua. Mama hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema, “Jumamosi nitakuja mwenyewe. Unionyeshe hiyo kazi. Nikiiona, nitasema. Nisipoiona, unaenda kwa kaka yako.” Na Yakobo, kwa upande wake, aliahidi kwamba mashine ikimaliza Jumamosi hiyo bila kuzima, ataniagizia nyingine na kunipa kona ya chumba iwe yangu. Kwa hiyo mambo yangu yote yalikaa juu ya siku moja na birika moja la kijani.

Ijumaa jioni kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa prosesa. Ile ya mkono wa pili ilikuja na utando mgumu mgongoni, kama uji uliokaukia sufuriani. Nikaukwangua wote mpaka ukang'aa, kwa fahari. Kisha nikakumbuka utando ule ulikuwa wa nini. Kati ya prosesa na kile chuma cha kupozea chenye meno kama kitana lazima pawe na kitu laini cha kupitisha joto, ama sivyo hewa inajibanza katikati na prosesa inajichoma. Mwenye duka hakunipa, na mimi sikumuomba. Barabara ya Bujumbura ilikuwa imefungwa tena.

Jumamosi alfajiri niliamka nikaona dumu la mawese ambalo Mama aliniachia siku ya soko. Ulikuwa wakati wa kiangazi, upepo wa ziwa ulikuwa umepuliza usiku kucha, na mawese yalikuwa yameganda, mazito, ya rangi ya chungwa, yanakaa juu ya kijiko bila kuteleza. Nilisimama mbele ya dumu lile kama msomi. Nilijieleza mwenyewe kwamba kinachohitajika ni kitu kinachojaza nafasi, kisichopitisha umeme, na kinachovumilia moto. Ni nini kinachovumilia moto kuliko mawese? Nikalibeba hadi kwa Yakobo, nikakoroga, nikapaka, nikabana chuma. Fundi Kassimu alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, akitazama kwa heshima.

Mashine iliwaka mara moja. Asubuhi ile sitaisahau. Vijana walijaa mpaka mlangoni, wawili kwenye kibodi, mmoja upande wa herufi na mwingine upande wa mishale, na wengine wote makocha. Kipa aliruka mzima mzima. Yakobo alinipiga bega kiasi cha kulitengua. Mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha nikaacha kuhesabu na nikaanza kupanga kona yangu itakaa wapi.

Harufu ilianza taratibu. Mwanzoni kila mmoja alidhani ni jirani anakaanga, na wengine wakasema wameanza kusikia njaa. Kisha picha ikaanza kusitasita, na mshambuliaji akiwa peke yake na kipa, mashine ikazima. Giza kwenye kioo, kelele chumbani. Walioongoza walidai ushindi, waliofungwa walidai mechi irudiwe.

“Dada,” Yakobo aliniambia sikioni, mkono juu ya boksi, “hii mashini iko moto sawa mbabula ya makaa.”

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, tulivu kabisa.

“Nani anaunguza mafuta yangu?”

Mama alikuwa amesimama pale na kitambaa cha kichwa cha Jumapili. Nimewahi kukutana na mafundi wenye vifaa vya kupima vya kila aina, lakini sijaona chombo kinachoweza kutambua mawese ya mtu fulani, ya kijiji fulani, kupitia moshi wa jenereta. Akapita katikati ya vijana, wakampisha. Akaangalia kioo cheusi, akaangalia birika la kijani, akaniangalia.

“Espe. Hii ndiyo kazi?”

Nilichukua bisibisi, nikafungua skrubu. Ndani, mawese yalikuwa yameyeyuka, yameteremka kutoka chini ya feni kama machozi mekundu, yamepita juu ya ubao na kuweka ziwa dogo juu ya kadi ya picha, kipenzi changu. Kwa bahati mafuta hayapitishi umeme. Kwenye hilo nadharia yangu ilikuwa sahihi, na nawaomba mlikumbuke.

“Fundi,” nikamwambia Kassimu, “kwa nini hukunizuia?”

“Nilifikiri ndivyo mnavyofundishwa chuo kikuu.” Akainama akachungulia, uso ukabadilika. “Hapa sasa sisimizi watakuja hata wa kutoka Nyanza-Lac. Usiguse. Ngoja.”

Akaondoka mbio, koti lake likipepea, akarudi na lile bomba la siri. Alipolifungua nikaona dawa nyeupe, nzito, na kwa mara ya kwanza nikasoma maandishi madogo ubavuni. Kifaransa kilichofutikafutika, lakini kilisomeka: ni ya kupitisha joto. Alikuwa amelala na dawa yangu kwenye droo miaka yote.

“Mzee, hii si ya sisimizi.”

“Mbona hawajawahi kuingia?” akajibu.

Sikubishana. Nilifuta mafuta kwa pamba na spiriti yake ya kusafishia redio. Mama alisimama juu yangu. Alinielekeza, bila kuulizwa, kwamba mafuta hufutwa kutoka pembeni kwenda katikati, la sivyo unayatembeza tu, na alikuwa sahihi. Nikapaka dawa nyeupe, kiasi cha punje ya mchele, nikarudisha chuma, nikabana. Nikabonyeza. Feni ikazunguka, ile ndogo ikanguruma mafua yake, na uwanja wa kijani ukatokea kwenye kioo.

Yakobo alimpa Mama kiti. Nilitarajia atakataa. Alikaa, akaweka mkoba magotini kama aliye kanisani, akatazama. Kwa muda aliwatazama wachezaji wa kwenye kioo, kisha nikaona amewaacha na anawatazama wale wa kwenye benchi. Watatu kati yao walikuwa wa kwetu Minago. Niliwajua kwa sura. Yeye aliwajua kwa majina, na aliwajua baba zao. Nyumba hizo hazikuwa zinasalimiana tena tangu mwaka ambao sote hatuutaji. Watoto wao walikuwa wamebanana kwenye ubao mmoja, wakisukumana kwa viwiko, mmoja akimwambia mwenzake kwamba anacheza kama bata aliyefungwa mguu, na mwenzake akimjibu kwamba bata huyo ameshamfunga mawili. Mama aliuliza kwa sauti ndogo ni nani anashinda.

Simu ikalia. Yakobo akaipokea, akasikiliza, akainyoosha kwetu. “Iko Bujumbura, Mama Deo.”

Nilisimama. Mama alikuwa amesimama kabla yangu. Alichukua simu kwa mikono miwili, na kwa kuwa zamani zile Bujumbura ilipigwa kwa kelele, na Kaka Deo alikuwa na sauti ya ofisi, nilisikia pande zote mbili bila kutega sikio. Walisalimiana. Mama aliuliza kama ndagala alizomtumia zilifika. Kaka Deo akauliza kama mdogo wake amefunga mizigo, maana mkurugenzi anasubiri.

“Mwambie amahoro, abaki na amani,” Mama akasema. “Atafute mwalimu mwingine. Huyu yuko na kazi.”

Sauti ya kwenye simu ikauliza kazi gani.

“Anatengeneza mashini.”

Mashine za nani? Za kufanya nini?

Mama aligeuka akatazama ndani. Wakati huohuo mtu alifunga bao, na chumba kizima kikaruka na benchi zake, na bati likatetemeka. Mwanamke huyu alikuwa amenichapa utotoni kwa kusema nimekula wakati sijala. Aliegemea ukuta, akaushika vizuri mkono wa simu.

“Za hospitali,” akasema. “Za kuandikia barua.”

Kaka Deo akauliza, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, hizo kelele ni za nini.

“Ni wagonjwa,” Mama akasema. “Wanapona.” Akakata simu.